Madebe Mawili ya Mahindi

Pasi ya mkaa ilikuwa imeshapata moto, na Filomena alikuwa akiyarudia marinda ya sketi ya shule kwa mara ya pili, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Marinda kumi na mawili. Aliyalaza moja moja juu ya blanketi lililokunjwa, akayanyunyizia maji kwa ncha za vidole, akayakandamiza. Mwanawe Magreth, wa miaka tisa, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akinywa uji, mkono wa kushoto umelala mapajani na kovu lake jekundu likionekana. Hawakuwa wakizungumza. Katika chumba hicho kimoja cha mtaa wa Kwa Mkomba asubuhi zote zilikuwa hivyo, na wala hakuna aliyekuwa amemnunia mwenzake.

Saa hiyo Filomena alipaswa kuwa getini kwenye kiwanda cha tumbaku. Msimu ndio kwanza ulikuwa umefunguliwa, na vibarua wa kuchambua majani huchaguliwa saa kumi na mbili kasoro, wamesimama kwenye matope, msimamizi akinyoosha kidole: wewe, wewe, wewe pale mwenye kitambaa. Ukikosa siku moja, kesho kidole kinakupita. Ukizoea kukosa, msimu unakwisha ukitazama migongo ya wenzako. Leo ilikuwa mara ya nne anakosa, na mara zote nne ni kwa wito mmoja wa ofisi ya kata. Mara ya kwanza afisa wa ustawi alikuwa kwenye semina. Mara ya pili alikuwa njiani akitoka semina. Mara ya tatu alikuwepo, ila mhuri haukuwepo.

Mwaisha, jirani wa chumba cha pili, aliingia bila hodi kama kawaida yake, vidole vimeganda unga wa vitumbua.

"Da Filo, bado upo? Hebu nitazame." Akamshika kidevu. "Sura gani hiyo unaipeleka ofisini? Sikiliza nikwambie. Leo usiende ukawakodolea macho kama ulivyofanya siku ile ulipoitwa shuleni. Wale wanataka mtu mchangamfu. Wakicheka, cheka. Wakikutania, na wewe tania. Ukikaa kimya wataandika una roho mbaya, mtoto anakwenda."

"Sawa."

"Siyo 'sawa' hiyo ya msibani. Sema: sawa mwaya!"

Filomena akafikiri kidogo. "Sawa mwaya," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma bango la barabarani.

Magreth akacheka ndani ya kikombe. Filomena alimtazama, naye akataka kucheka, isipokuwa uso wake haukuwahi kuwa mwepesi kwa mambo hayo. Akamvisha mtoto sketi, akamfunga vifungo vya shati, akalamba kidole gumba na kumfuta uji pembeni mwa mdomo.

Tuseme ukweli: alizaliwa hivyo. Kwao Matombo, wageni wakifika, ndugu zake walitoka mbio kusalimia, yeye akajibanza nyuma ya pipa la maji mpaka waondoke. Mama yake alimwita Jiwe, na hakuna aliyeona ni tusi. Jiwe alikua, akachota maji, akapalilia migomba kwenye miteremko, akateremka mjini, akaolewa. Ukimya huo wa kuzaliwa haukumdhuru mtu. Uliomdhuru ni ule mwingine, uliokuja miaka miwili iliyopita, baada ya mwanawe wa pili, Abdi, kufa na homa akiwa na miezi mitano.

Tangu hapo zikaanza siku ambazo yeye mwenyewe, moyoni, aliziita siku za shuka. Anaamka, anasikia jogoo, anasikia ndoo za majirani bombani, anasikia mtoto wake akivaa viatu, na mwili unakataa. Hakuna panapouma. Ni shuka tu limekuwa zito kuliko yeye. Alikwenda zahanati mara mbili kueleza. Mara ya kwanza walimpima malaria, hakuwa nayo. Mara ya pili walimpima presha, nayo ilikuwa nzuri. "Mama huumwi, kapumzike," nesi akamwambia, akampa panadoli. Hapo ndipo serikali ilipoishia kumsikiliza, mpaka ilipotokea habari ya mkono.

Mwezi wa tatu, siku moja ya shuka, Magreth aliamua kumpikia mama yake uji. Sufuria likapinduka. Mlio ule ndio uliomtoa Filomena kitandani. Alimmwagia mtoto maji, akambeba mgongoni mpaka zahanati, kilomita mbili, bila viatu. Hakulia. Nesi aliona hilo na akalikumbuka. Mwalimu alipoona bandeji akauliza mama alikuwa wapi, na Magreth, ambaye hajui kusema uongo, akajibu: "Alikuwa amelala." Anaumwa? "Hapana. Amelala tu." Barua kwenda ofisi ya kata ikaandikwa siku ileile.

Kilichofuata hakikuandikwa popote. Kila jioni Filomena alikata jani la mshubiri, akaupaka ule mkono, akaupuliza mpaka ukauke. Kisha wakaketi kwenye mkeka na ungo wa mchele katikati, wakichambua mawe, na anayepata jiwe la mwisho ndiye mshindi. Mshindi hasemi kitu. Analiweka tu lile jiwe kwenye goti la mwenzake. Wakati mwingine Magreth alificha jiwe moja chini ya ulimi ili alitoe wakati mama anadhani yamekwisha, na Filomena alijifanya hajui.

*

Benchi la ofisi ya kata lilikuwa na misumari iliyochomoza, kwa hiyo waliokuwa wazoefu walikaa upande mmoja. Ukutani palikuwa na bango la mama anayecheka na mtoto anayecheka: MZUNGUMZISHE MWANAO. Nje ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya Uluguru, na masika yaliyokataa kwisha yalikuwa yakidondoka kwenye mabati. Saa mbili waliambiwa madam anakuja. Saa nne waliambiwa yuko karibu. Magreth alikuwa akikosa shule kwa siku ya nne, kwa ajili ya shauri la kulinda haki zake, ikiwemo ya kusoma.

Saa sita akaingia baba yake, Mansuri, na ofisi yote ikachangamka. Alikuwa mpiga debe stendi ya Msamvu, sauti yake imezoea kushindana na injini, na alikuja na mfuko wa machungwa kutoka Mikese alikohamia kwa mke mpya.

"Shikamoo mzee wangu! Wadau mambo! Jamani chukueni machungwa, haya ya nyumbani, hayana dawa." Akamnyanyua Magreth juu. "Mrembo wa baba! Darasa la pili hilo!"

"La tatu," alisema Magreth.

"La tatu! Si ndiyo nasema!" Watu wote wakacheka, hata mzee aliyekuja kudai kibali cha kuzika.

Mansuri alikuwa mtu mzuri kukutana naye, hilo lazima tumpe. Alikumbuka majina, aliuliza hali, alishika mkono kwa mikono miwili. Ubaya wake ulianza pale watu wanapokuwa wameshaondoka. Abdi alipokufa alilia msibani mpaka wanaume wenzake wakamshika. Miezi minne baadaye akasema nyumba hii imekuwa matanga yasiyokwisha, akakunja nguo zake. Kwa mwaka mzima na zaidi hakuuliza habari ya Magreth. Aliuliza pale mke mpya, Zuhura wa Mikese, alipojifungua mapacha, na aliuliza kwa nguvu.

Saa saba afisa wa ustawi, madam Doreen, alifika, binti wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mpole wa sauti, viatu vyake vimejaa tope. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kata tatu peke yake, pikipiki ya ofisi haikuwa na mafuta tangu Pasaka, na kwenye semina alipewa bunda la fomu mpya akaambiwa takwimu zinatakiwa mkoani kabla ya tarehe thelathini. Aliwaita wote ndani: Filomena, Mansuri, mtoto, na mtendaji wa mtaa, bwana Jackson, awe shahidi.

"Fomu hii inatusaidia kujua haiba ya mzazi," alisema akilainisha karatasi. "Wazazi wako aina nne. Mkali, mlegevu, asiyejali, na mwenye uwiano. Hakuna jibu baya. Mama, tuanze na wewe. Unamwambia mtoto kwamba unampenda mara ngapi kwa wiki?"

Filomena alitafuta. Akaona marinda, akaona mshubiri, akaona mawe ya mchele. Hakuna kilichokuwa na umbo la jibu.

"Anajua," akasema.

"Mara ngapi, mama? Hapa panataka namba."

"Sijawahi."

Doreen akaandika sifuri. "Unacheza naye?"

"Tunachambua mchele."

"Hiyo ni kazi, siyo mchezo." Akaandika maneno marefu kidogo. "Siku aliyoungua, ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Walisema siumwi."

"Kwa hiyo ulikuwa mzima, umelala, mtoto anapika."

Filomena alijua kwamba sentensi hiyo haikuwa sahihi, na alijua pia kwamba hakuna neno ndani yake lililokuwa uongo. "Ndiyo," akasema.

Kwa Mansuri mambo yalikwenda haraka. "Nampenda mara ngapi? Madam, mara kumi kwa siku! Hata ndotoni namwambia." Akacheka, Doreen naye akatabasamu bila kutaka. Anacheza naye? Kila wakati. Nani atamlea Mikese? "Mke wangu Zuhura, ana moyo wa kulea wa ajabu."

Filomena akakusanya nguvu. "Pasaka alikwenda huko. Alifulishwa nepi siku nne. Mkono ulikuwa bado una kidonda."

"Sasa kumsaidia mama mdogo na wadogo zake si malezi hayo?" Mansuri akamgeukia Jackson. "Mzee, sisi hatukufua?"

"Tulifua," alikubali Jackson.

"Naomba mjomba wake asubiriwe," Filomena alisema tena, sauti ikishuka. "Kaka yangu, Ignas. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye husimama. Barabara ya Matombo imekatika na mvua. Kesho atakuwa amefika."

Doreen alimpa nafasi apige. Simu ikasema mteja hapatikani. Doreen akatazama fomu mbele na nyuma, kwa haki kabisa. "Humu hamna sehemu ya mjomba," alisema.

Chumba kikawa kizito. Bwana Jackson, ambaye hakupenda chumba kizito, akakohoa. Alikuwa Msukuma wa Maswa, mtu mnene wa heri, na kwake kila Mluguru, kama Filomena, alikuwa mtani halali. Filomena aliijua desturi hiyo tangu utoto. Hata baba yake alipofariki, mtani Msukuma alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yakitiririka. Utani una ruhusa hiyo. Unasema lisilosemeka, na hakuna anayekushika nalo.

"Ee Mluguru," alisema Jackson, "nyie mnaolima mlimani mpaka mtu anaanguka kutoka shambani kwake mwenyewe, mtoto mtamuweza wapi? Nipe mimi huyu nikampeleke Maswa akachunge ng'ombe. Nakupa debe zima la mahindi."

Alimtupia kamba ya kujiokolea, maskini, hivyo ndivyo alivyodhani. Na Filomena akaiona. Wakikutania, na wewe tania. Wote walikuwa wakimtazama. Akaulegeza uso wake kwa nguvu zake zote.

"Debe moja?" akasema, kwa sauti ya Mwaisha. "Msukuma wewe mchoyo! Lete mawili umchukue leo leo. Mimi mwenyewe nimemchoka, kazi yake kula tu!"

Jackson alicheka mpaka akapiga meza. Mansuri akacheka, akapiga makofi. Hata mzee wa kibali cha kuzika alisikika akicheka huko nje mlangoni. Filomena alisikia joto likimpanda kifuani. Tangu Abdi afe hakuna aliyewahi kucheka kwa neno lake, na kumbe ilikuwa rahisi hivi, kumbe watu wanaishi hivi kila siku. Akageuka kumtafuta Magreth ili wacheke pamoja.

Magreth hakuwa akicheka. Alikuwa akimtazama mama yake mdomoni, mahali maneno yale yalipotoka.

Na kalamu ya Doreen ilikuwa inaandika.

"Nasoma ili tukubaliane," alisema Doreen alipomaliza. "'Mama amekiri mbele ya shahidi kuwa amemchoka mtoto, na kwamba yuko tayari kumtoa kwa madebe mawili ya mahindi.'"

"Aa, madam," Jackson alisema, kicheko kikimkauka. "Huyo ni mtani wangu. Sisi ndivyo tunavyoongea."

"Utani naujua, bwana Jackson, hata kwetu upo. Lakini semina walitufundisha kwamba mtu aliyejifunga sana, akitania, ndipo la moyoni linapotoka. Nakuuliza kama shahidi: alisema au hakusema?"

Jackson alitazama dirishani. Mwezi uliopita mtendaji wa mtaa wa jirani alihamishwa kwa kosa la kupuuza taarifa ya mtoto. Yeye alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Alisema," akajibu.

"Nilikuwa natania," alisema Filomena.

"Sawa mama, tutahakikisha." Doreen akainama kumwelekea mtoto, akalegeza sauti namna walivyoelekezwa. "Magreth, usiogope. Mama yako huwa anatania nyumbani?"

Magreth alisimama, kwa sababu shuleni mtoto akiulizwa na mkubwa husimama. Alikuwa mtoto anayejua kwamba mzaha ofisini ni utovu wa adabu, na alimwona mama yake akishtakiwa kwa huo mzaha. Akaweka mikono nyuma, akanyanyua kidevu, akamtetea.

"Hapana, madam. Mama huwa hatanii."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Mansuri peke yake alitikisa kichwa kwa huzuni aliyoitoa haraka mahali fulani. Doreen akaweka vema kwenye kisanduku cha tatu: asiyejali.

Hapo Filomena angeweza kusimama akapiga kelele, akajigaragaza, akavua kitambaa kichwani. Mwaisha angefanya hivyo na pengine ingesaidia. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya mzazi aonyeshaye hisia. Lakini hakuinuka. Alikuwa akijiuliza swali ambalo Doreen hakujua kuliuliza. Zile siku za shuka, aliposikia viatu vidogo vikitembea chumbani na sauti ikiita mama, mama, uji, hakuwahi kutamani viatu vile viwe kwenye nyumba ya mtu mwingine, hata kwa asubuhi moja? Aliwahi. Mara ngapi? Hapo angeweza kutoa namba. Akaogopa kwamba labda semina ilikuwa sahihi, na hofu hiyo ikammalizia sauti.

"Ni kwa muda tu," Doreen alisema, na kwa kweli alimhurumia. "Miezi sita ya uangalizi kwa baba. Wewe utahudhuria mafunzo ya malezi hapa, kila Jumatatu hadi Alhamisi, saa moja asubuhi. Ukifanya vizuri, na ukiwa na kazi ya kueleweka, tutapitia upya. Weka sahihi hapa."

Kazi ya kueleweka huchaguliwa getini saa kumi na mbili kasoro, na vibarua huachiwa saa kumi jioni. Filomena hakulisema hilo. Aliisogeza karatasi karibu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno, mpaka akafika mwisho: *Mzazi ameelezwa na ameridhia.* Akachukua kalamu. Akalikata neno "ameridhia" kwa mstari mmoja mnyoofu, kama alivyofundishwa kukata kosa, na juu yake akaandika kwa herufi za kuunganisha: *amenyang'anywa*. Kisha akatia sahihi.

Doreen aliitazama ile karatasi muda mrefu. Masikio yalimwiva. "Mama, umeharibu fomu," akasema. Akachukua nyingine, akainakili kwa mkono wake, na mahali pa sahihi ya mama akaandika: *amekataa kutoa ushirikiano.* Ile ya kwanza akaikunja mara mbili, akaitupa kwenye boksi la karatasi taka chini ya meza. Mhuri leo ulikuwepo.

*

Mansuri hakutaka kuchelewa, kuna gari la rafiki yake lilikuwa linaondoka. Nguo za mtoto zingefuatwa siku nyingine, madaftari pia. Nje mvua ilikuwa imepungua. Alikuwa ameshakumbatiana na Jackson, ambaye aliupokea mkono wake bila kumtazama Filomena, mtani wake, na sasa alikuwa akipiga kelele kwa bodaboda ng'ambo ya barabara.

Magreth alisimama mbele ya mama yake, chungwa mkononi, halijamenywa. Kwa dakika nzima walikaa kimya kama walivyozoea, na kimya kile kwa mara ya kwanza hakikuwa chao. Kila mmoja alikuwa ndani yake peke yake.

"Mama," alisema mtoto kwa sauti ndogo, "nikirudi nitakuwa nakula kidogo."

Filomena alifungua mdomo. Neno ambalo fomu ilitaka lilikuwepo, alilihisi, limekwama chini ya shingo pamoja na mengine yote ya miaka miwili. Alilivuta. Lililotoka ni jingine.

"Ukikaa kwenye pikipiki," akasema, "shika marinda."

Magreth aliitikia kwa kichwa. Bodaboda ikaja, Mansuri akampandisha katikati, akapunga mkono kwa ofisi nzima. Pikipiki ikazunguka dimbwi na kushika barabara ya stendi. Mtoto hakugeuka nyuma. Mikono yake yote miwili, wenye kovu na usio na kovu, ilikuwa imeshika sketi kwa nguvu, na chungwa lilikuwa limeanguka kwenye matope.

Filomena aliliokota. Akaenda nalo nyumbani kwa miguu.

Mwaisha alikuwa barazani akiosha kikaango cha vitumbua. Alipomwona tu kwa mbali akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, uso umejaa hamu ya habari.

"Enhe, da Filo! Niambie. Ulichangamka kama nilivyokuelekeza?"

"Nilichangamka."

"Wakacheka?"

"Wote."

"Unaona sasa! Si nilikwambia?" Mwaisha akapiga kofi la furaha, akachungulia nyuma ya mgongo wa mwenzake, kwenye njia tupu. "Na Magreth yuko wapi?"